Unanisikia Kule Nyuma?

Kuna watu ukiwaita wanaitika. Appolinaire hakuwa mmoja wao. Ukimwita njiani hapa Kashojwa, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, atasimama, atageuka, kisha atainua mkono wa kulia juu ya kichwa, kiganja wazi, na atakaa hivyo mpaka umwone. Neno hatoi. Mgeni humdhania ana maringo. Mama Léoncie, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alishamsema mpaka akachoka: "Weye Papa Orpa, kinywa Mungu alikupa ya kulia bugali tu?" Yeye hucheka, na kesho yake anainua mkono vilevile.

Msimlaumu upesi. Mkono ule ulikuwa kazi yake. Kule kwao Mboko, Kivu ya Kusini, kando ya ziwa, alikuwa fundi wa sauti kanisani: mikro, nyaya, na yale maspika makubwa ambayo wao huyaita mabafle. Sasa, kazi hiyo ina ubishi wake. Fundi hawezi kuisikia kazi yake akiwa amesimama mbele kwenye mashine. Lazima aende mpaka mwisho wa kanisa, nyuma ya benchi la mwisho, asikilize kule anakokaa bibi kizee aliyechelewa. Na akiwa kule nyuma, lazima mtu mwingine aongee kwenye mikro. Mtu huyo alikuwa mke wake, Perpétue.

Kila Jumamosi alasiri, kanisa likiwa tupu, Perpétue alipanda mbele, mwanamke mfupi, mikro ikishushwa mpaka mwisho na bado anainua kidevu kuifikia. Anaongea, na mumewe anamjibu kwa mkono. Kiganja juu: nasikia vizuri. Kiganja chini: punguza. Kidole kikizungushwa: inapiga mluzi, sogea. Kupiga kelele kutoka nyuma ilikuwa marufuku, maana mikro ingeidaka sauti yake na mabafle yangelia yote kwa pamoja mpaka uzibe masikio. Kwa hiyo miaka saba ya ndoa, ndani ya kanisa lile, Perpétue aliuliza na Appolinaire hakumjibu kwa mdomo hata mara moja. Hakuna aliyeona ubaya wowote.

Jumamosi moja, binti yao Orpa akiwa bado mtoto wa mgongoni, Appolinaire alirekodi majaribio yale kwenye simu ili alinganishe mabafle mapya na ya zamani. Sekunde kumi na moja. Perpétue anasema: "Allo. Allo. Moja, mbili, tatu. Papa Orpa, unanisikia kule nyuma?" Kisha mikro inapiga kelele kidogo, naye anacheka, na hapo inakatika.

Hizo sekunde kumi na moja ndizo alizobaki nazo. Vita vilipofika Mboko watu walikimbilia sokoni, ambako kulikuwa na makamiyo mawili, yaani malori. Appolinaire na mtoto walipanda la kwanza, Perpétue akabaki chini na mfuko wa nguo, na kamiyo la pili likachukua njia nyingine. Hayo aliyaeleza Kabazana, kwenye kituo cha kupokelea wakimbizi, siku alipoandikishwa, na aliyaeleza tena kwa kila aliyemuuliza. Lakini kulikuwa na jambo moja la siku ile ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

Miaka mitano imepita. Picha ya Perpétue hana, ziliungua zote. Orpa ana miaka minane, anasoma darasa la pili, na uso wa mama yake haukumbuki hata kidogo. Anachokijua ni sauti. Kila siku akitoka shule anaosha miguu, anakaa kwenye kigoda mlangoni, anapewa simu. Anasikiliza mara mbili. Mara tatu siku za Jumapili. Ukimkuta hapo utamwona midomo inacheza, anasema pamoja na mama yake, na kicheko cha mwisho anakitoa vilevile, kwa mlio uleule.

Watu walimshauri Appolinaire mengi. Mchungaji alimwambia, tawanya ile sauti, itume kwa watu wa kambi nyingine, nani anajua. Appolinaire alikataa katakata. "Sauti ya bibi yangu haiwezi kutembea mu masimu ya batu," alisema, maana kwao mke huitwa bibi. "Batamuchekea." Wivu? Ndiyo, wivu. Mwanamume amebakiwa na kitu kimoja, mnataka akigawe? Basi akaishikilia. Mabasi ya wakimbizi wapya yakifika Kabazana anaacha jembe shambani, anakwenda kusimama kando ya uzio, anaangalia kila mwanamke mfupi anayeshuka. Anaangalia tu. Wenzake wanaita majina mpaka wanakauka koo. Yeye macho yake ndiyo yanafanya kazi. Na roho inamuuma kila basi linapobaki tupu.

Sasa, Jumanne moja Dauda alimpigia simu. Dauda ana duka la redio na taa za jua mjini Mbarara, na kazi zikimshinda humtafuta huyu fundi wa Nakivale, maana anajua mikono yake.

"Wewe Mukongo," Dauda akasema, "kuja Mbarara kesho. Iko mama moja mukubwa hapa Kakoba, nyumba yake iko na spika ndani ya silingi. Anataka ile mashine ya mwizi iongee ndani ya spika. Mafundi mbili wameshindwa, moja ameunguza kitu. Utaweza?"

"Nitaweza."

"Kale, sawa. Usichelewe, ssebo."

Mama mwenyewe aliitwa Hajati Kulusumu. Asili yake Bukoba, aliolewa Mbarara akiwa msichana, na hapo ndipo alipozeekea. Anauza vitenge pale pale nyumbani, sebule ya mbele imejaa marobota. Marehemu mumewe, Haji, alipojenga ile nyumba alipachika spika nane darini ili asikie kisomo cha Kurani chumba chochote alichomo. Alipofariki zikanyamaza. Kisha mwanawe wa kiume, aliyeko Dubai, akamletea mama yake mfumo wa ulinzi: kila mlango una kijidude chake, na pembeni ya mlango wa mbele kuna kisanduku cheupe kinachosema mlango ukifunguliwa.

"Kinasema, lakini kinamwambia nani?" Hajati alimlalamikia Appolinaire kabla hata hajamkaribisha kiti. "Mimi niko jikoni huko nyuma, masikio yenyewe yameshachoka, na chenyewe kinanong'ona Kizungu hapa mlangoni kama kinaniibia siri! Juzi nimemaliza kuswali alasiri, natoka, namkuta muuza mkaa amekaa kwenye kochi langu, miguu amenyoosha, utasema mkwe. Kaingia saa ngapi? Sijui. Nataka mlango ukifunguliwa niambiwe nilipo, juu ya kichwa changu, kwa sauti ya mtu."

"Itawezekana, mama," Appolinaire akasema. "Unionyeshe fasi amplifaya iko."

Amplifaya ilikuwa kwenye kabati chini ya ngazi, na harufu ya kuungua bado ilikuwemo. Alipochungulia alitikisa kichwa. Wale mafundi wawili walikuwa wamevuta waya wa king'ora, ule wa kuamsha mtaa mzima, wakauchomeka moja kwa moja kwenye amplifaya. Jamani! Waya ule unabeba umeme wa kuliza king'ora, sio sauti; ni sawa na kummiminia mtu maji ya moto masikioni ili asikie vizuri. Nusu moja ya amplifaya ilikuwa imeshakufa. Bahati nzuri nusu ya pili ilipona.

Alifanya kazi taratibu, hakuna pupa. King'ora alikirudisha nje chini ya paa na betri yake, asikiguse tena. Kisha akafungua kisanduku cheupe, akatafuta kwa ndani kile kitundu chembamba cha kutolea sauti, akaunganisha waya mwembamba, akaupitisha juu ya dari akitambaa kwa magoti kwenye vumbi mpaka usawa wa kabati. Kwenye amplifaya alichagua lile tundu ambalo likipata sauti linazishusha nyingine zote, ili mlango ukisema, kisomo kipungue chenyewe, mlango umalize, kisomo kirudi. Alipomweleza Hajati jambo hilo la kisomo, yule mama aliinua macho darini. "Haji angefurahi," akasema, akaenda kumpikia chai.

Ikabaki sauti yenyewe. Kisanduku kilikuwa na kadi ndogo ya memori, na ndani ya kadi kila mlango ulikuwa na namba: moja mlango wa mbele, mbili mlango wa nyuma, tatu gereji. Ukitaka sauti nyingine, unaweka yako kwenye namba hiyo. Hajati alitaka sauti ya mjukuu wake Swabrah, anayesoma Kampala shule ya bweni. Swabrah angepewa simu Ijumaa, angerekodi salamu, angetuma. "Wewe usisumbuke kurudi kutoka Nakivale," Hajati alisema. "Dauda yuko jirani, atakuja Ijumaa baada ya swala kuiweka. Wewe hakikisha zile spika zinasema."

Kuhakikisha, hapo ndipo kisa kilipoanzia. Ile sauti ya Kizungu ilikuwa kavu, haimwambii fundi kitu. Huwezi kujua spika ipi ina kikohozi na ipi imezibwa. Fundi wa sauti anahitaji sauti moja anayoijua pembe zake zote. Appolinaire alikuwa nayo mfukoni. Alisimama na simu mkononi kwa muda, anasita, maana sauti ile haikuwahi kusikika nje ya nyumba yake. Kisha akajiambia, ni dakika mbili tu, na nyumba haina watu. Akaichomeka ile kadi kwenye simu yake, akaiweka sauti ya Perpétue kwenye namba moja. Kioo cha simu kilikuwa na ufa uliopita palepale penye maneno ya kuchagua, akabonyeza kwa kukisia, kisha akairudisha kadi kwenye kisanduku.

"Mama, nisaidie," alimwambia Hajati. "Nikienda kule nyuma, fungua mlango wa mbele."

Alikwenda mpaka chumba cha mwisho, akasimama katikati, akatulia. Mlango ukafunguliwa. Juu ya kichwa chake, kutoka darini, Perpétue akasema: Allo. Allo. Moja, mbili, tatu.

Miaka mitano alikuwa akimsikia kwenye kijispika cha simu, sauti imebanwa. Leo sauti ilikuwa na kifua, na pumzi. Ilikuwa kubwa kama mtu mzima aliyesimama chumba cha pili. Papa Orpa, unanisikia kule nyuma? Na Appolinaire, peke yake kwenye chumba cha watu, akainua mkono wa kulia, kiganja wazi. Machozi yalimtoka hata hakuyazuia.

"Fundi!" Hajati alikuwa akiita kutoka mbele. "Fundi, imesikika? Mbona kimya?"

Ikabidi apanguse uso na kutembea nyumba nzima kwenda kumwambia kwamba imesikika.

"Na huyo mwanamke ni nani?"

"Ni sauti ya kupimia tu, mama."

Hakusema mke wangu. Na alipofunga mkoba wake, angeweza kabisa kuiondoa ile sauti na kurudisha Kizungu mpaka Ijumaa. Hakuiondoa. Aliiacha kwa makusudi, na nitakwambia kwa nini: alipenda kufikiria kwamba kwa siku mbili Perpétue atakuwa ndani ya nyumba nzuri, yenye dari na mapazia, anakaribisha wageni. Yake si iko kwenye simu? Akapanda gari la kurudi Nakivale, moyo mwepesi kuliko alivyoondoka.

Jioni hiyo simu haikuwa na chaji. Orpa alinuna, akaahidiwa kesho. Alhamisi simu ilishinda kwa mwenye sola ikichajiwa, na Orpa alipotoka shule aliosha miguu, akakaa kwenye kigoda, akanyoosha mkono. Alibonyeza pale anapobonyeza siku zote. Akabonyeza tena.

"Papa," akasema, "Mama haiko."

"Bonyeza muzuri."

"Nimebonyeza. Haiko. Ameenda wapi?"

Appolinaire alichukua simu, akatafuta. Akatafuta penye nyimbo, akatafuta penye picha, akazima, akawasha. Ndipo alipokumbuka. Ule ufa kwenye kioo! Alitaka kunakili, kidole kikabonyeza kuhamisha. Sauti haikubaki kwenye simu ikatoka nakala. Ilihama yenyewe, nzima nzima, ikaingia kwenye kadi ya Hajati Kulusumu, na hapakuwa na nyingine duniani. Na kesho ni Ijumaa. Dauda ataweka sauti ya Swabrah kwenye namba moja, mashine itamuuliza nibadilishe, atasema ndiyo, basi, imekwisha.

Alimpigia Dauda, hapatikani. Alipiga tena na tena mpaka Mama Léoncie akamuuliza kupitia ukutani kama kuna msiba. Namba ya Hajati hakuwa nayo. Orpa hakulia, angelia ingekuwa afadhali. Alikaa pale kwenye kigoda akijisemea polepole, allo, allo, moja, mbili, tatu, kisha akamgeukia baba yake.

"Pale mwisho anachekaka namna gani?" akauliza. "Nimeanza kusahau."

Ijumaa hiyo Appolinaire alimwacha mtoto kwa Mama Léoncie akaondoka mapema, na wazoefu wa barabara ile wanajua: gari halitoki mpaka lijae. Likajaa. Likatoka. Likapata pancha kabla ya Kabingo. Yeye alikuwa ameshikilia simu tupu mkononi kama vile ingemsaidia kitu. Kosa lilikuwa lake, na hakuwa na mtu wa kumsingizia. Angemsikiliza mchungaji, leo sauti ya Perpétue ingekuwa kwenye simu mia moja.

Aliposhuka Kakoba swala ya Ijumaa ilikuwa imeshatoka zamani, watu wamevaa kanzu wanarudi makwao. Na nani anakuja mbele yake kwa pikipiki, anatabasamu? Dauda.

"Eh, Mukongo! Umekuja kufanya nini? Nimemaliza kazi sasa hivi. Sauti ya mutoto nimeweka, iko safi kabisa! Mama amefurahi."

"Umeweka?"

"Nimeweka. Twende nikurudishe stendi?"

Appolinaire alitikisa kichwa. Dauda akaondoa pikipiki yake, na fundi akabaki kasimama kando ya barabara. Angeweza kugeuza hapo hapo. Miguu yenyewe ilimpeleka mbele, kwa sababu kurudi nyumbani na kumtazama Orpa usoni kulikuwa kugumu zaidi.

Hajati, aliyekuwa akianika mikeka nyuma ya nyumba, alikuja kumpokea langoni. "Ah, fundi! Karibu, karibu. Pita huku jikoni, kule mbele pamejaa marobota." Akasukuma mlango wa nyuma. Darini, nyumba nzima, ikasikika sauti ya msichana, changamfu, yenye haraka: "Asalaam aleikum bibi! Mlango umefunguliwa!"

Ilikuwa sauti nzuri. Mtoto mzima, mwenye afya, anampenda bibi yake. Appolinaire aliisikia mpaka mwisho. Alikaa kwenye kiti cha jikoni bila kukaribishwa, akafunika uso kwa mikono yote miwili.

"Yalaa! Fundi, una nini? Unaumwa?"

"Mama, ile sauti," akasema. "Ile ya kupimia. Ni bibi yangu. Haikukuwa ya kupimia. Ni bibi yangu, na nilikuwa nayo moja tu."

"Sauti ipi? Ya yule mama wa allo allo?"

"Ndiyo."

"Mbona yupo!" Hajati akasema.

Appolinaire aliondoa mikono usoni.

"Yupo mlango wa mbele. Dauda alitaka kumtoa, nikamwambia wee, mwache huyo. Swabrah nimemweka huku jikoni, ndiko ninakoshinda. Yule wako namtaka pale pale." Hajati alivuta kiti kingine, akakaa, magoti yakimlalamikia. "Nikwambie kitu, usinicheke. Tangu Haji aondoke, nyumba hii hakuna anayeniuliza jambo. Wanangu wanapiga simu, wananiambia: mama kunywa dawa, mama funga geti. Wananiambia, hawaniulizi. Jumatano umeondoka, kaja mteja, nafungua mlango, huyu mwanamke ananiuliza: unanisikia? Mara ya kwanza nilishtuka. Mara ya pili nikamjibu. Sasa kila nikifungua ule mlango namjibu: nakusikia, mama, karibu. Maana anauliza vizuri, maskini, na hakuna anayemjibu."

Hapo ndipo Appolinaire alipolia kweli. Hajati alimwacha alie. Alimimina chai, akaiweka mbele yake, akangoja.

"Yuko wapi?" akauliza baadaye.

Akamweleza. Mboko, kanisa, Jumamosi, mkono. Soko, makamiyo mawili, mabasi ya Kabazana. Na alipofika kwenye lile jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, alilisema, akitazama kikombe.

"Nilikuwa juu ya kamiyo, Orpa mu mkono wa kushoto. Yeye alikuwa chini, batu bamemuzunguka, hakuona fasi niko. Akaita. Mama, aliita vile vile kama mu kanisa: Papa Orpa, unanisikia? Nilimusikia. Kati ya makelele yote nilimusikia muzuri kabisa."

"Ukamjibu nini?"

"Niliinua mkono."

Hajati aliutazama mkono ule juu ya meza.

"Ni mufupi, mama. Batu balikuwa mingi, barefu. Aliita mara tatu. Na mimi mkono juu, mkono juu, kama mujinga, nasema ataona. Kamiyo ikatoka. Alifikiri sisikie. Alifikiri siko pale, ndiyo maana akaenda kwa ile ingine."

Nje mtu alipita na mbuzi barabarani, wakasikiliza kelele zao mpaka zikaisha.

"Na huko Kabazana," Hajati akauliza, "wakija watu wapya, huwa unamwita?"

"Naangaliaka tu."

"Haya." Hajati aliinuka, akashika ukingo wa meza. "Kwanza, twaa ile sauti yako urudishe kwenye simu, na mimi nikiwa nimesimama hapa naona. Nakili! Usihamishe."

Walifanya pamoja, vichwa viwili juu ya kioo kimoja chenye ufa, Hajati kavaa miwani. Walinakili, wakahakikisha, wakanakili tena kwenye simu ya Hajati. Hapo Appolinaire alisita kidogo. Kisha akaruhusu.

"Na hii ya mlangoni, naomba ibaki," Hajati akasema. "Sikiliza. Wanawake wa kwenu wanaingia mlango huu kila wiki kununua vitenge. Wa Bukavu, wa Uvira, wa Fizi huko. Wako wanaotoka Kampala, wako wanaotoka Kyangwali. Kabazana wanasoma majina kwenye karatasi. Hapa ataita mwenyewe. Kila atakayeingia nitamuuliza: unaijua sauti hii?"

Appolinaire aliitazama ile dari nyeupe, na vile vitundu vidogo vidogo vya spika vya marehemu Haji. Miaka mitano alikuwa ameifungia sauti ile mfukoni, akidhani anaitunza.

"Ibaki," akasema.

"Basi nenda kule nyuma uipime. Nusu ile ya amplifaya mimi siiamini."

Akaenda mpaka chumba cha mwisho, akasimama palepale alipokuwa amesimama Jumatano. Akasikia Hajati anajikongoja kwenda mbele, akasikia kitasa. Mlango ukafunguliwa.

Allo. Allo. Moja, mbili, tatu. Papa Orpa, unanisikia kule nyuma?

Mkono ukapanda wenyewe, kiganja wazi. Kicheko kikapita darini, kikakatika, na nyumba ikawa kimya. Alisimama hivyo, mkono juu, kati ya kuta nne.

"Fundi!" Hajati akaita kutoka mbele, mbali. "Sikuoni! Umesikia au hukusikia?"

Aliutazama mkono wake. Akaushusha.

"Fungua tena, mama," akasema, lakini kwa sauti ndogo isiyofika. Akajaza pumzi kifuani. "Fungua tena!"

Mlango ukafungwa, ukafunguliwa. Allo. Allo. Moja, mbili, tatu. Papa Orpa, unanisikia kule nyuma?

"Nakusikia!" Appolinaire akapaza sauti, na ilikuwa sauti nene, yenye kutu, ambayo hata yeye hakuijua. "Mama Orpa! Nakusikia! Niko hapa! Niko na mutoto, tuko hapa, nakusikia!"

Hajati Kulusumu, mkono kwenye kitasa, alifunga mlango, akaufungua tena.